Kamera Zangu, Simu ya Dada wa Maombi

Wewe unayesoma hii, nakuchukua kama mtu wangu. Yule mtu anaingia kwangu kupitia jikoni bila kubisha, anafunua sufuria aone kumepikwa nini. Kwa hivyo sitakupambia maneno. Nitakuambia vile ilikuwa, na Kiswahili changu ni hiki cha mtaa wetu wa Landless, Thika, na cha Mugutha, kile mwalimu wetu wa jioni hupigia mistari chini. Nikikosea mahali, endelea tu kusoma.

Nilikuwa na dada. Si wa tumbo moja. Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, nililetwa Thika na mume wangu alipopata kazi ya kuendesha lori. Yeye ni mzaliwa wa huku huku. Tulikutana kwa fellowship ya Jumatano, maombi yale huzunguka nyumba kwa nyumba hapa Landless. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango na mtoto mchanga analia, hakuna mtu ananijua, naona aibu hata kuinua macho. Huyo mama alitoka mbele, akanichukulia mtoto bila kuuliza, akamtembeza mpaka akalala. Baada ya maombi hakunirudishia. Alimbeba mpaka kwangu, akaona vile nyumba ilikuwa tupu, na kesho yake akaniletea uji na sufuria mbili ambazo hakutaka tena nimrudishie.

Tangu hiyo siku tulikuwa tunaomba pamoja kila asubuhi kwa simu, kabla sijatoka kwenda dukani. Watoto wangu walimwita tata, vile Wakikuyu huita shangazi. Mume wangu akiwa safari na mtoto ashikwe na homa, mtu wa kwanza kujua alikuwa yeye, si mume. Nakuambia haya ndio ujue nilipoteza nini. Si jirani tu.

Duka langu liko Mugutha, upande wa Ruiru. Nauza nafaka na unga, na chakula cha kuku na ng'ombe. Mbele kuna kaunta na mizani, nyuma kuna stoo ya magunia. Mugutha imejengwa haraka sana. Mahali palikuwa shamba la kahawa, leo ni plot juu ya plot, na watu wapya wakija, wezi wapya pia wanakuja. Siku moja tulifika asubuhi tukapata mwenye hardware, duka la vifaa vya ujenzi, ameketi nje kwa ndoo, ameshika kichwa. Walikuwa wamefungua mabati ya juu wakashuka ndani kama watu wa kutengeneza paa. Hardware yake imepakana na stoo yangu. Nikajua mimi ndiye ninayefuata.

Nilimwambia dada asubuhi hiyo hiyo kwenye maombi. Akasema tumwombe Bwana, lakini pia tuweke kamera, kwa sababu Bwana ametupa akili. Nikafurahi vile amesema. Yeye hana ule ugumu wa watu wengine wa maombi, wa kukataa hata dawa.

Tulienda Thika mjini pamoja, kwa zile duka za vifaa vya stima. Mimi nilidhani kamera ni kamera, unaingia unanunua kama balbu. Muuzaji akaanza kuniuliza maswali. Je, nataka za waya, zile zinaunganishwa na kisanduku cha kurekodi na skrini, ama nataka hizi ndogo za WiFi zinazoweka picha kwa memory card? Stima hupotea kwetu mara ngapi? Nina mtu wa kulala dukani, ama hakuna? Akanieleza kwamba za waya ni imara, lakini mwizi akikipata kile kisanduku anaenda nacho, na ushahidi wote unaenda ndani ya gunia lake. Hizi ndogo unaona kila kitu kwa simu ukiwa nyumbani, lakini mtandao ukikatika huoni kitu, na ni lazima uwe na betri ya kuzishikilia stima ikipotea.

Kwa sababu mimi nalala Landless na duka liko Mugutha, nilichagua hizi za simu. Nilitaka moja ya nje mlangoni na moja ya kaunta. Dada ndiye alisema niongeze ya tatu, ya stoo, maanake wezi watatokea nyuma. Hapo alikuwa sawa. Kisha muuzaji akatuonyesha aina mbili, moja ya kuona tu, na nyingine ya kuona na kusikia, na ambayo unaweza hata kuongea kutoka kwa simu yako na sauti itokee kwa kamera, ili umwambie mwizi kwamba umemwona. Mimi nilitaka ya kuona tu. Nilifikiria vile wateja wangu hunieleza mambo ya nyumba zao nikiwapimia unga, nikaona si vizuri. Dada akanicheka. Akasema macho bila masikio yatanisaidia nini. Nikachukua zenye masikio.

Fundi aliyekuja kuzifunga alikuwa mwanaume wa rika langu, mwenye tumbo la starehe, anapanda ngazi akilalamika kwamba watu wa Mugutha wanajenga kuta za biskuti. Alitoboa, akapitisha waya, kazi ikaenda vizuri. Shida ilikuja kwa simu yangu. Ilikuwa imejaa. Mahubiri, picha za harusi za watu wa kwetu, video za watoto wa ndugu zangu. App ya kamera ilikataa kuingia kabisa.

Dada akatoa yake, simu nzuri ambayo mtoto wake alimnunulia. Akasema, weka kwangu kwanza, baadaye tutamtumia kwake. Fundi aliuliza mara moja tu, tena kwa heshima. Alitaka kujua mwenye kamera ni nani, ndio ajue akaunti inafunguliwa na nambari ya nani.

Nikamwambia, "Weka ya dada. Mimi na yeye ni mtu mmoja."

Hayo maneno niliyasema na mdomo wangu.

Sasa kwetu hakuna kitu kipya kinaanza kazi bila kuombewa. Ukinunua hata mkokoteni, unapakwa mafuta. Dada alikuwa amekuja na kachupa kake ka mafuta ya maombi. Fundi akateremka, dada akapanda ngazi, mimi nimeishikilia huku chini naitikia amina, na akapaka kamera moja baada ya nyingine. Alipaka pale pale kwa jicho. Fundi alikuwa ameenda kunawa mikono. Aliporudi akaangalia simu akaona duka lote ni ukungu, mimi mwenyewe naonekana kama mtu yuko ndani ya mvuke wa sufuria ya githeri. Akaguna, akapanda, akagusa kwa kidole, akanusa.

"Mama, mnataka kulinda duka ama mnataka kukaanga kamera?"

Tulicheka mpaka dada akaketi kwa gunia. Fundi akapangusa na tishu, na dada akasema si neno, upako umeshaingia ndani. Nikikumbuka hiyo mchana hata leo nataka kucheka, halafu kicheko kinakwama.

Jioni msichana wangu mkubwa alifuta vitu kwa simu yangu, app ikaingia, na dada akanitumia zile kamera kutoka kwake. Nikawa naona duka langu nikiwa jikoni. Nilifurahi kama mtoto. Dada akaniambia ashaifuta kwa simu yake, maanake duka la mtu ni kama chumba cha kulala cha mtu. Nikamshukuru.

Miezi ikapita na hakuna mwizi aliyekuja. Kile kilikuja ni maono.

Mama yangu alikuwa mgonjwa kule nyumbani. Siku moja ndugu yangu alinipigia simu nikiwa dukani, akaniambia daktari amesema wamtoe tu hospitali wampeleke nyumbani. Sikulia mbele ya wateja. Nilimaliza kupima, nikafunga mlango wa mbele kidogo, nikaingia stoo, nikapiga magoti juu ya magunia ya pumba nikalia kwa kunyamaza, nimejiziba mdomo na leso. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa barabarani na sikutaka aendeshe lori na hilo neno kichwani.

Asubuhi dada alikatiza maombi katikati. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Bwana amemwonyesha mwanamke amepiga magoti juu ya kitu laini, rangi ya kahawia, amejiziba mdomo na kitambaa, na Bwana anasema hayo machozi ameyaona, hayakuanguka bure.

Niliweka simu chini. Nani angemwambia? Hakuna mtu alikuwa kwa hiyo stoo isipokuwa Mungu. Mama alipofariki, nilisafiri kwenda kumzika nikiwa nimeshikilia hayo maneno kama fimbo. Kaburini watu walikuwa wanalia na mimi nilikuwa nimesimama wima, nikijiambia kwamba nimeonekana.

Utaniuliza kama sikufikiria kamera. Sikufikiria. Alikuwa ameniambia ameifuta. Kwangu neno lake lilikuwa na nguvu kuliko kitu kimefungwa kwa ukuta.

Nilipotoka mazishi, nilisimama kanisani Jumapili nikatoa ushuhuda. Nilieleza yote, magunia, leso, kila kitu. Kanisa lote lilisimama. Tangu hiyo siku watu walianza kumtafuta. Akina mama wa Landless walikuwa wanapanga laini mlangoni kwake kutaka kujua Bwana ameona nini, na fellowship yetu, ambayo ilikuwa imebaki watu wa kuhesabika kwa vidole, ikajaa mpaka viti vya kukodi. Na maono mengine yakaja juu yangu. Ameona nikimpa mtu mwenye shida chakula na Bwana amefurahi. Ilikuwa kweli, kuna mzee wa kuokota chupa nilikuwa nampa chai na mkate kule stoo. Ameona nikikasirika na mteja, niombe toba. Kweli pia. Nilianza kutembea ndani ya duka langu kama mtu yuko mbele ya madhabahu.

Sasa nikwambie kitu ambacho dada hakujua, ama nilidhani hajui.

Mimi niliacha shule mapema. Kwetu tulikuwa wengi, na msichana mkubwa hubaki nyumbani kulea. Nimeishi na hiyo aibu miaka yote. Benki wakinipa karatasi nijaze, naangalia kwanza mtu wa nyuma yangu. Kwa hivyo nilianza masomo ya jioni pale Ruiru, kwa darasa tunaazimwa na shule ya watoto, tunakaa kwa vile viti vidogo magoti yakigusa kidevu. Nilitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Waliojua ni mume wangu, msichana wangu na mwalimu. Basi. Dada sikumwambia, si kwa ubaya. Nilitaka kwanza nione kama nitaweza, ndio nisichekwe na mtu ninayempenda.

Nilikuwa nasomea dukani mchana, wakati hakuna wateja. Naingia stoo, naketi kwa gunia, kitabu nimekifunika na gazeti. Mtu akiita napiga kelele "nakuja" nakiweka chini ya mizani ya zamani. Hesabu ilinitesa, lakini jiografia niliipenda sana. Nilikuwa najisomea kwa sauti habari za mito na mawe, kama mtu anaongea na kuku.

Asubuhi moja dada aliomba muda mrefu, kisha akasema ameona kitabu. Akasema kimevaa nguo ambayo si yake, kama karatasi ya habari, na kimekaa mahali pa Biblia. Bwana anasema hicho kitabu kinashindana na maombi, na mwenye nacho akiache kabla hakijamtoa kwa njia.

Nilijua ni changu. Nilijaribu kumuuliza Mungu mwenyewe. Nilifunga kula. Niliomba nikiwa kwa jiko, nikiwa kwa kaunta, nikasema Bwana, hata hii? Kitu kimoja tu kwa maisha yangu yote, hata hii? Na sikusikia kitu. Lakini yule anayesikia kwa niaba yangu alikuwa amesikia, na alikuwa hajawahi kukosea. Yaliyotangulia yote yalikuwa kweli. Ningeanzaje kukataa hili kwa sababu tu silipendi?

Jumatano iliyofuata kwenye fellowship alirudia mbele ya watu, bila kunitaja. Akasema kuna mama hapa anasomea kuwa mkubwa. Niliangalia miguu yangu.

Nilienda Ruiru nikamwambia mwalimu kwamba sitaandikishwa kwa mtihani. Alishangaa. Akasema muda wa kuandikisha bado uko wazi, lakini si mrefu, na yeye hawezi kunilazimisha mtu mzima. Aliniuliza kama ni ada. Nikasema si ada. Akauliza kama ni mume. Nikasema mume hana neno. Basi ni nini? Nikamwambia ni mambo ya kiroho, na akafunga rejista yake. Msichana wangu hakuachia hapo. Tulikuwa tunaosha vyombo.

"Mum, Mungu wako ako na shida gani na jiografia?"

Nilimkemea. Lakini hilo swali liliendelea kukaa jikoni hata baada ya yeye kwenda kulala.

Nilikuwa bado sijarudisha vitabu. Nilijiambia nitavirudisha wiki hiyo. Siku moja mchana, jua kali, hakuna mtu, nikaingia stoo kuvifunga kwa mfuko. Nikafungua cha jiografia mara ya mwisho, niangalie tu picha ya bonde la ufa. Nilikuwa nimesimama hivyo, kitabu wazi mkononi, wakati kamera ilikohoa.

Ilikohoa, ndiyo. Kama redio ikitafuta stesheni. Kisha kukatoka sauti, na nyuma ya sauti kulikuwa na kuku na mtu anapiga nguo kwa karai.

"Si nilikuambia? Ona. Ameshika kitabu tena."

Sauti ingine ya mwanamke, ambayo sikuijua, ikacheka. "Huyo mama mzima? Anasomea nini, anataka kuolewa tena?"

"Wacha yeye. Jumatano Bwana atakuwa ameona."

Wakacheka wote wawili. Halafu ile sauti ya kwanza ikasema, "Haiya, na hii kitu inawaka nyekundu ni nini?" na kamera ikanyamaza.

Hiyo sauti ya kwanza nimeisikia kila asubuhi kwa miaka. Naijua ikiwa na mafua. Naijua ikiwa na usingizi.

Sikulia. Nilibaki nimesimama nikaangalia lile jicho dogo jeusi pale juu, na nikakumbuka magunia ya pumba. Leso. Mama yangu. Mtu mwingine angekumbuka kitabu kwanza. Mimi nilikumbuka mama. Mteja aliita mbele, nikaenda nikampimia chakula cha kuku wa mayai badala ya vifaranga, akanirudishia, nikampimia tena. Alipoenda nilichukua gunia tupu, nikapanda kwa kiti, nikaifunika ile kamera ya stoo kabisa.

Simu yangu haikukawia kulia. Dada.

"Dada, uko salama? Roho amenisukuma nikupigie. Nimeona giza mbele yako."

Nilimwambia niko salama, Mungu ni mwema, nina mteja. Kisha nikampigia fundi.

Fundi alikuja jioni, akakalia ule mfuko wa vitabu bila kujua, akashika simu yangu akaipekua. Akauliza kama yule mama wa mafuta bado tunaongea naye. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mwenye kamera ni yeye. Wewe umealikwa tu. Unaona pale amekupatia ruhusa ya kuangalia. Yeye anaona, anasikia, anarudisha nyuma anaangalia ya jana, na akitaka anakutoa usione tena duka lako."

Nilimwambia dada alisema alifuta. Akanijibu polepole kwamba labda alifuta akarudisha, yeye hawezi jua, lakini simu yake imefungua hizo kamera leo, na jana, na karibu kila siku. Akanionyesha mahali pameandikwa, na kile kitufe cha kuongea ambacho lazima alikigusa bila kujua. Nilimwambia afunge simu. Sikutaka kusoma.

Alizifuta kamera zote zikawa kama mpya zimetoka dukani, akazianzisha upya kwa nambari yangu na password ambayo niliichagua mwenyewe huku nimempa mgongo hata yeye. Ile ya stoo nilimwambia aitoe kwa ukuta.

Siku iliyofuata sikufungua duka. Nilienda kwa dada. Nilimkuta nje ya mlango anachambua maharagwe kwa uteo, akanisogezea kigoda, akaita mtoto alete chai. Nilikataa chai. Hapo ndipo aliniangalia vizuri.

Nikamwambia, "Dada, ile giza uliona ilikuwa gunia."

"Gunia gani?"

"La pumba. Nilifunika kamera."

Aliendelea kuchambua. Anatoa jiwe, anatupa, anatoa lingine. Nilidhani atakataa, na nilikuwa tayari kumwambia kuhusu sauti na kuku na karai. Hakukataa. Alisema alikuwa ananilinda. Mwanzoni alikuwa anaangalia tu wezi, mimi nikiwa nimelala au nikiwa njiani. Halafu siku ile akaniona nalia na hakujua atanifariji vipi bila kusema ameangalia. Maneno yenyewe, akasema, alipewa akiomba. Alichoona ni picha tu.

Nikamuuliza na kanisani je, nikishuhudia mbele ya watu wote, nikilia, na yeye ameketi pale mbele anaitikia amina?

"Nani alikuambia Mungu hawezi kutumia simu?" akasema. "Si kwa Biblia alitumia punda kuongea?"

"Punda aliongea na yule aliyempanda uso kwa uso. Hakujificha nyuma ya mlango."

Aliweka uteo chini. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu amechoka. Akasema mimi sielewi. Wote aliowabeba hapa Landless, wakipata karatasi za shule wanahama. Wanaenda Ruiru kwa nyumba za lifti, wanaenda kanisa za Kiingereza, wanamsalimia kwa barabara kama wanasalimia askari wa geti. Mimi ndiye nilikuwa nimebaki. "Ukimaliza hiyo shule yako, utaketi na mimi kuchambua maharagwe?"

Ningeketi. Hilo ndilo liliniuma, kwamba ningeketi na hakunipa nafasi ya kuonyesha. Nilimwambia hivyo. Nilimwomba kitu kimoja, kwamba Jumatano asimame aeleze akina mama ukweli, maanake wengine wameacha waume na kazi kwa sababu ya kile ameona. Sijui wao aliwaona kwa njia gani. Akasema hawezi. Nikasimama nikaenda, na mtoto alikuwa anatoka na chai.

Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akasema ni jambo zito, tuliombee kimya kwanza, tusivunje jina la fellowship kabla hajaongea na wazee. Nikamwambia sawa. Bado wanaongea.

Jumatano ilipofika nilikuwa na njia mbili. Ningeenda kwa fellowship nisimame niseme, na nilikuwa nimeyapanga maneno, makali, nimeyarudia nikipika. Lakini hiyo Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwisho mwalimu alikuwa amesema ataweza kuniandikisha. Saa ya maombi na saa ya darasa la Jumatano ni moja, na siku zote darasa ndilo nilikuwa nakosa. Nilifunga duka mapema nikapanda boda mpaka Ruiru. Mwalimu hakuniuliza mambo ya kiroho yameisha vipi. Alinipa peni. Niliandika majina yangu matatu kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza sikuangalia mtu wa nyuma yangu. Kisha nikaketi kwa kale kiti kadogo tukafanya hesabu, na nikakosa karibu zote.

Mtihani bado haujafika. Nasoma kwa kaunta sasa, wazi, wateja wananiona, kuna mmoja huniuliza maswali ya historia akingoja unga wake. Kwa kanisa bado niko, sijahama, kwa sababu hilo kanisa si la dada. Naketi upande mwingine. Wengine wanasema nimepoa kiroho, wengine hawasemi kitu lakini wananisalimia kwa vidole. Yeye anaketi pale pale mbele, na laini ya watu mlangoni kwake haijapungua.

Asubuhi naomba peke yangu. Ni ngumu. Nikifika mahali pa mama, sijui nishike nini. Yale maneno yalinisimamisha kaburini, na sasa sijui yalitoka wapi. Kamera nimepata kuzirudisha. Hayo maneno hakuna fundi wa kuniambia ni ya nani. Nimeamua kwamba Mungu aliniona hiyo siku hata bila yeye, na huu uamuzi naufanya upya kila asubuhi, na kuna asubuhi unakataa.

Sasa wewe nakuomba. Ukijua mama ana duka, ama nyumba, ama mtoto anaachwa na msaidizi, na anafikiria kuweka kamera, usimwambie asiweke. Yangu ya mlangoni imenisaidia. Mwambie tu ajue akaunti imefunguliwa na nambari ya nani, hata kama ni ya mtu anayempenda, hasa kama ni ya mtu anayempenda. Kama hasomi vizuri, msomee hii ukiwa umeketi naye. Kama yuko mbali, mtumie. Na kama yuko mahali anaambiwa kila wiki kwamba Bwana amemwona akifanya hiki na kile, mpelekee leo, usingoje Jumatano.